Mama Pumzi na Ufa Nyuma ya Kabati

Alizaliwa Jumanne ya mwisho ya mwezi wa pili, mwaka 1954, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mama mfua nguo, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya soko. Siku ambazo mama alikuwa na kazi, baba alimchukua kwenye ujenzi, na huko alijifunza mambo mawili yaliyomfuata hadi kaburini. La kwanza ni kuimba. Vibarua walirushiana matofali kwa wimbo, na aliyechoka alinyamaza akavuta pumzi huku wenzake wakiendelea, wimbo usikatike. La pili ni kusoma kuta. "Ufa wa lipu usikutishe, mwanangu," baba alimwambia, akichomeka kipande cha karatasi ukutani. "Ila karatasi ikizama, huo umeingia kwenye tofali. Hapo toka, uwatoe na wenzako." Alikuwa na miaka saba. Hakulisahau neno hilo, na heri angelisahau, maana angekuwa na la kujitetea.

Alisomea ualimu, akapewa darasa la nne katika shule ya mjini, akaimba kwaya parokiani, hakuolewa. Wito ulimjia akiwa na miaka thelathini na mmoja, tena ulimjia vibaya. Shule ilifungwa saa tisa alasiri, wazazi walirudi kutoka viwandani saa kumi na mbili, na katika saa hizo tatu watoto hawakuwa na mtu isipokuwa barabara. Barabara ikamchukua msichana mmoja wa darasa lake, aliyekuwa akiruka kamba karibu na lami. Mwalimu alimzika Jumamosi. Jumatatu saa tisa alisimama langoni akatanua mikono. "Anayerudi kwenye nyumba isiyo na mtu, anifuate." Walimfuata kumi na wanne, akawaingiza kwenye chumba cha mwisho cha jengo la zamani, akaanza kuwafundisha kuimba.

Tusidanganyane, hawakugeuka malaika. Mmoja aliiba kinanda kidogo cha kwaya, akakirudisha baada ya siku mbili kwa sababu peke yake alishindwa kukipiga. Lakini mwenye kigugumizi aliimba bila kukwama, na baadaye akasoma mbele ya darasa. Waliozoea kupigana walijifunza kungoja zamu yao. Kila siku aliwakemea vilevile: "Pumzi kwa zamu! Jirani yako akivuta, wewe shikilia!" Wakamwita Mama Pumzi. Kwa miaka kumi na minane watu walimsema, ati hana mtoto wake ndiyo maana anakusanya wa wenzake. Lilimuuma, naye alilimeza.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2003, baada ya mvua ndefu. Aliona ufa kwenye ukuta wa chumba cha kwaya, kando ya mlango. Alichomeka karatasi, ikazama hadi vidoleni. Wakaguzi wa majengo walikuwa wakizunguka shuleni, na chumba kilichofungwa na wakaguzi kilikaa miaka bila kufunguliwa. Basi akamwita mlinzi wa shule, wakasukuma kabati la vitabu vya nyimbo hadi likaufunika.

"Mwalimu, huo si ufa wa kuchezea," mlinzi alisema.

"Najua. Wiki tatu tu, shule ifunge, kisha nitasema mwenyewe. Nikikifunga chumba leo, kesho wako barabarani."

Wanaosimulia habari zake hupenda kuruka sehemu hiyo. Sisi haturuki. Alijua. Kila siku kabla ya wimbo aliweka kiganja kwenye kabati akaomba, na watoto walidhani anabariki vitabu.

Jumatano ya wiki ya pili, saa kumi na moja na robo jioni, ukuta ulianguka na dari ya zege juu yake. Ndani walikuwa watoto kumi na mmoja. Nguzo ilimlalia Mama Pumzi miguuni. Gizani na vumbini watoto walipiga kelele wote kwa pamoja hadi wakakabwa na kikohozi. Ndipo aliposema, kwa sauti ileile ya kila siku: "Pumzi. Kwa zamu." Wakaanza kushikilia sauti moja, huyu akivuta pumzi yule akiendelea. Mlinzi, na baadaye akina mama waliotoka kazini, wakafukua kwa mikono, wakiifuata sauti hiyo. Walitoka tisa wakiwa hai, na kila alipotoka mmoja, sauti ilipungua.

Wa tisa alikuwa msichana wa miaka kumi, aliyekuwa ameshikwa mkono na mwalimu. Mwalimu alimwambia: "Ukitoka, waambie niliuona ufa. Waambie nilijua." Kisha mkono ukalegea, ukapoa. Mlinzi aliapa kwamba baada ya msichana huyo kutolewa, sauti nzito ya mwanamke iliendelea kutoka chini ya kifusi, wakaifuata saa nzima. Walimkuta mwalimu na watoto wawili, wote wamekufa, na daktari alisema alikuwa amekata roho muda mrefu kabla ya hapo. Huo ndio muujiza unaotajwa. Hatuuongezi wala hatuupunguzi.

Wale tisa ni watu wazima sasa, na watatu wao hufundisha kwaya saa tisa alasiri katika shule nyingine. Waamini walipotaka picha yake iwekwe kanisani, wazee wa parokia walikwenda kwa mama wa mmoja wa wale wawili, fundi cherehani. Aliwasikiliza bila kusimamisha mashine.

"Mwanangu alikuwa akiniimbia hapa nikishona," alisema. "Hilo alipewa na Mama Pumzi, silikatai. Na aliyeninyang'anya mwanangu ni yeye huyohuyo. Mwiteni mtakatifu mkitaka, baba zangu. Ila andikeni na kabati."

Tumeliandika. Na anayetaka kumfuata Mama Pumzi aanzie hapo: awakusanye watoto kama yeye, asifiche alichoficha. Katika zile kwaya tatu, kabla ya wimbo watoto huzunguka chumba, kila mmoja na kipande cha karatasi, wakijaribu kuta. Mwaka jana karatasi ya msichana mmoja ilizama. Walitoka wote thelathini na wawili, wakaimbia uwanjani, mvua inanyesha.