Uji wa Mgonjwa wa Riruta

Laiti nisingemdanganya mtoto Jumatano ile ya kwanza.

Ilikuwa Kawangware, miaka ya sabini. Shule ilijaa, mke wangu alishinda sokoni, nami, fundi cherehani mwenye kidato cha nne, nikawafundisha wanangu watatu nyumbani huku nikishona. Kelele zikanishinda. Nikawaachia hesabu, nikamwambia Mumbua, mkubwa wao wa miaka tisa, "Naenda Riruta kumwombea mzee mgonjwa."

Mgonjwa hakuwepo. Kila Jumatano nilikwenda kukaa peke yangu katika kanisa letu la mabati, macho nimefumba, nafurahia kimya.

Jumatano ya tatu akina mama wa kanisa walinikuta. "Msimsumbue," Mama Wanjiru akanong'ona. "Huyu amefunga." Badala ya kusema nimechoka tu, nikaguna, "Amina!"

Mara mlango ukafunguliwa. Mumbua aliingia amekumbatia chupa ya uji.

"Mama Wanjiru, yule mzee mgonjwa anakaa wapi? Tumempikia..." Akaniona. "Baba?"

"Mgonjwa gani?" Mama Wanjiru akauliza.

"Ni mimi," nikasema.

Walicheka hadi wakashika mbavu. "Basi kunywa uji, mgonjwa!" Nikaunywa wote. Halafu wakakubaliana kuniangalizia watoto kila Jumatano, nikapata saa yangu bila kuiiba.

Lakini Mumbua hakucheka. Leo ana watoto wake, ananipenda na ananitunza. Ila nikimwambia naenda mahali, bado huuliza, "Kweli, Baba?"