Balozi na Msiba wa Jirani Yetu

Kwa miaka miwili nilimhudumia balozi mstaafu wa Ufaransa, nyumbani kwa binti yake Sugar Land, mji wa kando ya Houston, Marekani. Nilimwogesha, nilimpima presha, nilimkata kucha. Alijua Kiswahili kwa sababu ujanani alifanya kazi Afrika Mashariki, na kusema kweli kilikuwa safi kuliko cha wanangu. Aliniita bibie, mimi nilimwita Mzee.

Baba yake alirudi kutoka vitani bila taya la chini. Mama yake alimlisha uji kwa kijiko, uji ukamwagikia shingoni, na yeye mtoto akakimbilia uani kutapika.

"Nilimwonea kinyaa baba yangu, bibie," aliniambia asubuhi moja nikimfuta mdomo. "Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba wa kuonewa kinyaa ni waliompeleka."

Kazi yake yote baada ya hapo ilikuwa moja: kuzishawishi serikali zipeleke ugomvi wao kwa waamuzi kabla ya kushika bunduki. Alikaa hotelini miezi mizima na watu wasiosalimiana. Wenzake wizarani walimcheka. Kuna nchi mbili zilisaini mbele yake, zikapeana mikono, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha zikaanza kupigana tena. Naye akafunga begi, akarudi kuanza upya.

Basi, mwaka wangu wa pili pale, akafa jirani yangu wa zamani, dereva wa malori, Mtanzania mwenzetu. Mkewe alikuwa rafiki yangu wa karibu. Tuliimba kwaya moja. Alitaka mumewe azikwe Houston, alipo yeye na binti yao wa miaka kumi na sita. Kaka wawili wa marehemu, wakazi wa DeSoto, kule karibu na Dallas, wakataka mwili upelekwe Moshi.

Sitasahau wiki tatu zile. Maiti iko kwenye friji, watu wanagombana kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja akaanzisha kura: Houston au Moshi, bonyeza unapotaka. Watu walibonyeza! Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Msibani, kaka mkubwa alijadili hali ya mwili wa mdogo wake huku anatafuna paja la kuku, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha akajifuta kwa kitambaa cha meza cha mjane. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho.

Nilimsimulia Mzee. Akasema, "Waulize kama watakubali mwamuzi."

Sheria ya hapa ilimpa mke haki ya kuamua, lakini shemeji zake walikuwa wameapa kutomtambua yeye wala binti kama marehemu atazikwa Houston, naye akaogopa. Akakubali. Na wao wakakubali, maana balozi Mzungu aliwapa heshima fulani mbele za watu. Jumamosi mchana wakaja wote Sugar Land. Mzee aliniomba nimvalishe tai. Akawasainisha karatasi: uamuzi wowote utakaotoka, tutaufuata.

Hakuuliza mila wala sheria. Alimuuliza kaka mkubwa, "Mara ya mwisho uliongea naye lini?"

"Mwaka jana, Mheshimiwa."

"Mliongea nini?"

Kaka akatazama viatu vyake. "Tuligombana."

Kisha Mzee akamgeukia binti. Binti akajibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba baba yake alimwambia wakiwa safarini kwenye lori kuwa siku akifa angependa kulala karibu na mama yake mzazi, aliyezikwa Moshi, ila binti asimwambie mama, ataumia.

Rafiki yangu alimtazama mwanawe kama mtu aliyetemewa mate.

Mzee akaamua: mwili uende Moshi, mke na binti wausindikize, na kaka wamtambue mjane na binti yake mbele ya ukoo. Kaka mdogo akalia. Wakapeana mikono. Niliwaandalia chai, moyo wangu mweupe kabisa.

Jumanne asubuhi rafiki yangu akanipigia. "Tunazika leo, saa nne. Usimwambie mtu."

"Lakini ulisaini."

"Nimesaini kwa Mzungu wako. Wewe ni wa upande wangu au wao?"

Nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda, nikaomba ruhusa kazini kwa uongo kwamba nina miadi ya meno. Tulikuwa watu saba. Jeneza lile lilinukia dawa ya vanila iliyopuliziwa kufunika harufu nyingine. Binti alikataa kushuka garini. Nilipomfuata akanitazama kupitia kioo, akauliza kwa nini tulimuuliza kama hatukutaka kusikia. Nikarudi kaburini nikaimba sauti ya pili, na kila nilipofungua mdomo nilihisi kama nameza kitu kichafu.

Kesho yake nilimwambia Mzee wakati namwosha mgongo.

"Nawe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mzee."

"Ulifanya nini?"

"Niliimba."

Nilimaliza kumwosha. Akanishukuru kama kila siku, na shukrani ile iliniuma kuliko matusi. Kisha akaomba simu. Alimpigia kaka mkubwa, akamwomba radhi, yeye aliyetenda haki kuliko sisi wote. Nilisikia matusi yakitoka kwenye simu. Mzee akasubiri yaishe. "Njoo," akamwambia, "nitakupeleka mwenyewe alipo."

Alikuja baada ya siku nne, peke yake, ameendesha kutoka DeSoto tangu alfajiri. Nikawachukua wote wawili kwa gari langu, Mzee mbele na kiti chake cha magurudumu nyuma. Rafiki yangu nilimwambia tunakwenda. Alinikatia simu, na hadi leo hatusemeshani.

Makaburini hapakuwa na jiwe bado, udongo tu na maua yaliyooza ndani ya plastiki. Niliyaokota nikayatupa. Kaka alizunguka kaburi mara mbili.

"Kichwa kiko upande gani, dada?"

Nikamwonyesha. Akavua kofia, akachuchumaa upande ule, akaanza kuongea na mdogo wake kwa Kichaga, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mzee akanigusa mkono nimsogeze kando, na tukamwacha amalize.