Kaka Amemaliza Mashendea ya Bosko

Kaka yangu leo amekula chakula cha mbwa, na radhi siombi.

Bosko, mbwa wetu, akila makombo ya pilau anaharisha. Kwa hivyo humpikia mashendea, wali laini wa maji mengi, na kuku wa kuchemsha. Hakuna tui, hakuna mafuta.

Kaka kila siku hunicheka: "Mbwa unampikia kama mzazi?"

Leo narudi kutoka dukani, sufuria imekwanguliwa, kaka amejilaza mkekani.

"Dada, leo umepika. Hata kiungulia sina."

Nilimwonyesha tu Bosko, amekaa mbele ya sahani tupu, anamkodolea macho.

Kaka amenuna tangu adhuhuri. Mlio upande wake, semeni hapa.

Kisauni yote isikie: kesho napika tena. Bosko atapakuliwa kwanza, kaka atasubiri zamu yake.