Ndege wa Msonobari na Chetezo cha Mama

Mama yangu hapendi filamu za wanyama wanaolana, kwa hivyo siku ile baada ya Alasiri nilimwekea ya ndege. Tulikuwa ukumbini, nyumbani kwetu mjini Sib, kiyoyozi kinanguruma, nami namfasiria maneno ya Kiingereza. Ndege mwenyewe ni wa ukoo wa kunguru, anaishi kwenye misitu ya misonobari, huko milimani kwenye theluji. Msimu wa mbegu ukifika hujaza kifuko kilicho chini ya ulimi wake, akaruka mbali, akazifukia chache chache ardhini, pahala pengi mno. Baridi ikaja, theluji ikafunika kila kitu, naye hurudi akachimba pale pale. Hukumbuka kwa kutazama mawe na magogo yaliyo karibu.

"Kunguru huyo ana akili," mama akasema. "Si hawa wetu, wezi wa sabuni."

Mimi sikucheka. Tangu daktari aseme kuwa kumbukumbu ya mama inapungua, nilikuwa nalala na khofu na kuamka nayo, na kila kiumbe chenye kukumbuka nakionea wivu. Ndio, nilimwonea wivu ndege.

Hapo nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Kabla ya filamu nilimwona mama kwa macho yangu akitoka jikoni na chetezo chenye makaa mekundu, anakwenda kufukiza nguo zake za harusini. Nilishamnunulia chetezo cha umeme akakikataa, ati moshi wake hauna ladha. Nikamuuliza amekiweka wapi.

"Chetezo gani?"

Nilikimbia. Chumbani kwake tundu la fito la kufukizia nguo lilikuwa juu ya mkeka, nguo zimetandazwa juu yake vizuri, na ndani hamna kitu. Nikatazama chini ya kitanda, bafuni, jikoni karibu na mtungi wa gesi, nasoma kila dua ninayoijua na zote nazichanganya. Ndege yule anaijua mbegu yake chini ya theluji ya msitu mzima. Mimi, ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, sijui moto uko wapi. Nikarudi chumbani nikafungua kabati la nguo. Moshi ukanivaa usoni. Chetezo kilikuwa chini, baina ya viatu, na pindo la kanga linaungua taratibu. Nilimwaga ndoo nzima ya maji.

Nilisimama pale nimerowa, na nilitaka kumpigia mama kelele. Alikuwa mlangoni. Alilitazama kabati, akanitazama mimi, na nikaona kuwa naye ameingiwa na khofu, ila khofu yake ilikuwa juu yangu. Akaja akanishika mkono, akateremsha sauti.

"Umekitia kabatini ukasahau, mwanangu. Usiogope. Sitomwambia mtu."

Nikamwambia ahsante.