Moshi wa Baba, Kutoka Juu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu wote, kila mwenye mtaji Njombe alikuwa akipanda misindano, na kampuni moja ya miti ikaniajiri katika ofisi yake ya Makambako nilinde misitu dhidi ya moto. Sikulinda juu ya mnara kwa darubini, nililinda kwa setilaiti. Tulifunga antena juu ya bati, na setilaiti ilipopita asubuhi, picha iliteremka kwenye kompyuta mstari baada ya mstari, polepole mpaka unatamani kuisukuma. Wauza mahindi na wenye malori wa pale jirani walinitania kwamba ninalipwa kutazama televisheni bubu.

Waliocheka hawakujua kwamba ile ni kazi ya macho. Kwenye picha, vumbi la bonde la Usangu hutanda kama unga uliomwagika, huoni lilikoanzia. Moshi una kichwa na mkia: kichwa ndipo moto unapowaka, mkia ndiko upepo unakoelekea. Kabla ya mvua za kwanza picha hujaa mikia mifupi, kwa kuwa kila mtu anachoma shamba lake. Hiyo tuliiacha.

Asubuhi moja nikaona mkia mrefu. Kichwa chake kilikaa kwenye kilima cha kwetu, upande wa Njombe, ambako baba alikuwa peke yake. Mama alikuwa Tandala, akimuuguza dada yake hospitalini. Nikamwita bosi. Akatazama kidogo, akasema ni wakulima hao, wanachoma mashamba, nipunguze presha. Nilimjibu vibaya na mpaka leo sijutii. Shamba la baba la ulezi halikuzidi kiwanja cha mpira. Moshi wa kiasi kile ulimaanisha kwamba moto umeingia kwenye misindano yake, miti aliyoipanda kwa mikono yake na kuipalilia kama mahindi.

Kijijini hakukuwa na simu. Nikadandia lori lililokuwa likienda Njombe kupakia mbao. Dereva akaniuliza nani anaumwa, nikamwambia akanyage mafuta.

Nilipofika, watu walikuwa wamekaa uani kwetu, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Nikakaa chini palepale njiani.

Kwetu mtu hachomi shamba kimyakimya. Huzunguka kwa majirani siku moja kabla, nyumba kwa nyumba, akawaambia, ili wakiona moshi wasiache kazi zao na kukimbilia mlimani na matawi ya kupigia moto. Ni adabu, na mwenye kuiruka husemwa mwaka mzima. Baba hakuwahi kuiruka.

Jirani yetu, mzee wa rika lake, ndiye aliyeniambia. Alishindwa kunitazama usoni.

"Alitupitia jana jioni, mwanangu. Akasema, kesho msishtuke, moshi ni wangu. Basi tulipouona, tukasema ni wake."

Upepo uligeuka, moto ukaruka mkanda wa kinga alioulima kuzunguka shamba. Kama alipiga yowe, sauti ilipotelea kwenye bonde lisilo na watu. Majirani walishtuka majivu yalipoanza kuwaangukia. Walimkuta pembeni ya miti yake, tawi bichi la muwati bado mkononi. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikaona kila mtu amefanya kama alivyofundishwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mama alirudi kutoka Tandala tukazika. Baada ya matanga akasema anataka kuiona hiyo picha, maana alikuwa amesikia watu wakiizungumzia. Nikamletea, imechapwa kwenye karatasi. Akaiweka mapajani na kuilainisha kwa kiganja, akaniuliza kilima ni kipi. Nikamwonyesha.

"Ilipigwa asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Asubuhi alikuwa bado mzima."

Nikasema ndiyo, alikuwa mzima. Akaweka kidole pale moshi unapoanzia, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo huko juu walimwona," akasema. "Hakuwa peke yake."

Katika picha ile nukta moja inameza kijiji kizima, na nyumba zake, na kanisa. Hakuna jicho lililomwona baba. Nilimtazama mama.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Walimwona."