Jani la Saa Moja

Kitaluni kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Saa Moja, maana ikifika saa moja asubuhi utamkuta mlangoni, mkasi mkononi, ananikodolea macho mimi ninayefika nikihema. "Karibu mchana, shoga," huniambia.

Kazi yetu ni kukata majani ya nyanya, kuyatia kwenye mtungi wa baridi kali na kuandika saa daftarini. Daktari wetu (wa mimea, usije ukampelekea kikohozi chako) anatafuta jeni inayoiwezesha nyanya kuhimili joto. Alitueleza kwamba jeni zote zimo ndani ya jani, ila huwaka na kuzimika kwa saa zake, kama taa za nyumbani. Ukikata mchana, utakuta zimewaka nyingine. Kwa hiyo saa moja ni saa moja.

Wiki moja mama yake Bi Saa Moja alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Asubuhi tatu mfululizo alifika yapata saa tano, macho mekundu, akakata majani ya tuta la nne na kuandika: saa moja. Nilimwona. Nikajifanya sijaona.

Miezi miwili baadaye daktari aliingia mbio, karatasi mkononi. "Tuta la nne! Jeni ya joto inawaka tangu asubuhi! Hii ndiyo mbegu ya kuwapelekea wakulima!" Mimi nikapiga vigelegele. Bi Saa Moja akaweka mkasi chini.

Nikamvuta nyuma ya matangi ya maji. "Usithubutu! Mkataba wa kudumu unatoka mwezi ujao, na ni wako. Mama utamtibu kwa pesa gani?"

"Na mkulima je? Apande uongo wangu, jua limuunguzie shamba?"

Akaenda. Nikamfuata hadi mlangoni, umbea wangu huo. Daktari alimsikiliza, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ulikata saa ngapi hasa?" Alizikumbuka zote tatu: saa tano kamili, tano na robo, tano kasoro dakika kumi. Daktari akaziandika bila kumtazama. Majani mengine yakakatwa, safari hii saa moja kweli. Jeni ilikuwa imelala fofofo, sawa na kwenye matuta mengine.

Hakufukuzwa. Amebaki kibarua, na bado tunakata majani bega kwa bega. Mkataba nilipewa mimi. Mimi, niliyejua nikanyamaza! Niliupokea kwa mikono miwili huku aibu imenipanda hadi masikioni, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikumbatia.

Jana nilichelewa. Daktari alikuwa safarini, Bi Saa Moja alikuwa amempeleka mama yake kliniki, kitaluni nilikuwa peke yangu. Nikakata majani, nikafungua daftari, nikashika kalamu kwa muda. Kisha nikaandika: saa mbili na dakika kumi na saba.