Kompyuta Isiyojua Nyongeza

Juzi nilishuhudia kompyuta ikitahiniwa na mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na bado natabasamu. Bwana mmoja kutoka Nairobi aliileta kwenye darasa la ngumbaru huko Muhuru Bay, ajaribu programu ya hesabu kabla haijanunuliwa. Jenereta iliponguruma, akina mama walipiga vigelegele, na mmoja akavuta kiti mbele.

Skrini ikauliza: "Una gorogoro ishirini za omena. Ukiuza kumi, zinabaki ngapi?"

Mama akabonyeza tisa. Kompyuta ikapiga kelele. Akapangusa kidole kwa leso, akabonyeza tisa tena.

"Mama, ni kumi," bwana akamnong'oneza.

"Na nyongeza je? Kila mkebe wa gorogoro naongeza kiganja juu. Nikiuza kumi, gorogoro nzima imeenda na nyongeza. Hii mashine yako haijawahi uza omena!"

Darasa likalipuka. "Yawa, mwambie!"

Bwana alicheka mpaka akavua miwani. Kwenye fomu yake palikuwa na nafasi ya makosa ya mwanafunzi. Akafuta neno "mwanafunzi", akaandika "programu".

Mimi, msomi wenu wa safu hii ya kila wiki, moyoni nilikuwa nimejibu kumi.